Kampuni za utalii Italia zinazouza "Siena, San Gimignano na Pisa kwa siku moja" zinatuibia, na safari hii sinyamazi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni kwa wote, ila hasa ninyi mnaoishi Ulaya na mnaopokea wazazi kutoka nyumbani. Kuna biashara inafanyika huku: watu wanapakiwa kwenye basi asubuhi pale Firenze, wanazungushwa Siena, San Gimignano, shamba la zabibu Chianti na Pisa, usiku wanarudishwa wamechoka hoi. Tangazo linasema utatembelea Siena. Hutembelei chochote. Unashushwa, unakimbizwa, unapakiwa tena.

Mama mkubwa wangu amekuja kutoka Songea. Ni mwalimu mstaafu, ni mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), na jumuiya yake ndogondogo kule mtaani somo wao, yaani mtakatifu msimamizi, ni Mtakatifu Katarina wa Siena. Kwa miaka mingi amekuwa akisali kwa jina hilo. Katarina alizaliwa Siena mwaka 1347, binti wa mtia rangi nguo, hana cheo wala ukoo mkubwa, na ndiye aliyemwandikia Papa Gregori XI barua kali na kumfuata hadi Avignon, Ufaransa ya leo, alikokuwa akikaa, kumsihi arudi Roma. Papa akarudi mwaka 1377. Katarina alifariki mwaka 1380 akiwa na miaka 33. Mwili wake uko Roma, ila kichwa chake kinatunzwa Siena, ndani ya basilika ya San Domenico, na humo humo kuna picha yake iliyochorwa na Andrea Vanni, mtu aliyemfahamu kwa macho. Mama mkubwa alikuwa anayajua haya yote kabla hajapanda ndege.

Kwa hiyo kabla ya kulipa niliwapigia simu. Niliuliza kitu kimoja tu: tutapata nafasi ya kuingia San Domenico? Wakanijibu ndiyo, muda upo, tena kanisa liko pale pale mnaposhukia.

Kweli liko pale pale, na ndiyo maana naumia. Basi lilitushusha hatua chache kutoka kanisani, ukuta wake wa matofali tunauona. Mwongoza watalii akainua kibendera chake akageukia upande wa pili. Mama mkubwa akamsogelea, akamwambia kwa Kiswahili, "Mwanangu, tunaomba dakika kumi tu, tusali tutoke." Nikamtafsiria. Akajibu kwamba kundi linakwenda pamoja, anayebaki nyuma asitarajie basi kumsubiri. Kuingia San Domenico hakuna tiketi, ni bure, na hakuna ambaye angepata hasara. Ilikuwa wiki ya sikukuu ya Katarina, tarehe 29 Aprili, mji wake mwenyewe unajiandaa kumsherehekea, na mama wa watu anavutwa mbele kushuka mtelemko na goti lake bovu ili asiachwe.

Tulikopelekwa ni wapi? Tukapitishwa dukani kwanza. Duka la mikoba ya ngozi, na hapo haraka yote ikaisha. Tulisimama mpaka aliyetaka kununua akamaliza kununua. Atakayeniambia hakuna kamisheni pale, anieleze kwa nini dakika za duka zilikuwepo na za kanisa hazikuwepo.

Halafu Piazza del Campo. Ule uwanja umeinama kuelekea ikulu ya mji, na matofali yake yamegawanywa sehemu tisa kwa mistari ya mawe meupe, kwa heshima ya Baraza la Watu Tisa lililotawala Siena kuanzia 1287 hadi 1355. Hilo hatukuambiwa. Tuliambiwa tupige picha. Mbele yetu ulikuwa mlango wa Palazzo Pubblico, na ndani, katika chumba walichokaa wale Tisa, Ambrogio Lorenzetti alichora kuta nzima kati ya 1338 na 1339: upande mmoja mji unaotawaliwa vizuri, mafundi wako juu ya paa, mwalimu anafundisha, wakulima wanaingiza mazao mjini bila hofu, upande wa pili dhalimu mwenye pembe, Haki amefungwa kamba miguuni pake. Watawala walichorewa matokeo ya maamuzi yao pale pale walipokuwa wakiamua. Wakuu, sisi tunaotoka tunakotoka tungesimama mbele ya ukuta ule tukazungumza mpaka jioni. Tulipita mlangoni.

Kuhusu Palio, mbio za farasi za Siena, mwongoza watalii akasema ni "maonyesho ya farasi kwa wageni". Si kweli, na ni kuwadharau wenyeji. Mji una mitaa 17, inaitwa contrada, kila mmoja una kanisa lake na bendera yake, na mtu ni wa mtaa wake tangu kuzaliwa mpaka kuzikwa. Tarehe 2 Julai na 16 Agosti farasi wa contrada kumi wanazunguka uwanja mara tatu, wapanda farasi hawana tandiko, na farasi akifika wa kwanza hata bila mtu mgongoni, contrada yake imeshinda. Watu wanalia machozi siku hiyo. Ni mambo yao wenyewe, hata sisi wageni tusipokuwepo.

Kanisa kuu nalo ni kesi nyingine. Tangazo lao limepambwa kwa picha ya sakafu ya marumaru ya Duomo, zile picha 56 zilizotiwa kwa vipande vya mawe. Sehemu kubwa ya mwaka sakafu ile inafunikwa ili isikwanguliwe na viatu, inafunuliwa kwa wiki kadhaa tu kiangazi na kuelekea vuli. Kampuni inayopeleka watu Siena kila siku inalijua hilo. Basi kwa nini mtu wa Aprili auziwe picha ya Agosti? Na tiketi ya kuingia haikuwa ndani ya bei, jambo tulilojulishwa tukiwa tumesimama nje. Kijana mmoja kutoka Brazil akauliza ule ukuta mkubwa uliosimama peke yake ni wa nini. Jibu: "Haukumalizika." Basi, tukaendelea na safari. Mwaka 1339 Siena ilianza kulipanua kanisa liwe kubwa kupita kiasi, tauni ikaingia 1348 ikaua watu wengi mno, na ujenzi ukakoma. Hapo ndipo penye historia ya mji mzima, naye kaipitia kwa neno moja.

Baada ya hapo Chianti, kuonja mvinyo, mezani tukakaa muda mrefu kuliko Siena yote. Mama mkubwa hanywi pombe. Alikaa nje kwenye kiti cha plastiki na rozari yake mkononi.

Wapo watakaokuja na hoja ya bei nafuu. Bei haikuwa nafuu. Kutoka Firenze kuna treni ya saa moja na nusu hivi na mabasi ya abiria ya moja kwa moja, kwa sehemu ndogo tu ya hela waliyochukua kwetu. Walichouza ni uongozaji na muda, na vyote viwili hawakuvitoa.

Nimewaandikia malalamiko. Wamenijibu kwa punguzo la safari nyingine ya kwao. Sitaki punguzo, nataka hela ya mama mkubwa irudi, na ile ahadi ya San Domenico nimewaandikia tarehe na saa niliyopiga simu.

Mlioko Italia: kuna aliyewahi kudai akarudishiwa? Mlianzia wapi, kwenye chama cha kutetea watumiaji au moja kwa moja kwa wakala aliyeuza tiketi mtandaoni? Nipeni utaratibu, na kama mlipitia basi la namna hii, wekeni hapa yaliyowakuta ili wengine wasome kabla hawajalipa.