Riwaya ya kuchekesha kuhusu shujaa aliyezeeka: ninunue ipi?

Mpenda_Kurasa: Wakuu, natafuta kitabu kinachowatania mashujaa wenye nguvu za ajabu wakishazeeka. Nimebaki na vitatu: Superfolks ya Robert Mayer (1977), The Dark Knight Returns ya Frank Miller (1986) na Don Quixote ya Mhispania Miguel de Cervantes. Mwezi huu hela inatosha kimoja tu.

Mbasha: Superfolks, mkuu. Shujaa ana miaka 42, kastaafu, ana mke na watoto, na nguvu zinamwishia. Ile ya Miller ni katuni ya Batman wa miaka 55 anayerudi kazini baada ya kukaa pembeni miaka 10. Nzuri sana, lakini nzito, hutacheka.

Dada_Msomaji: Mbasha, mwambie na ugumu wake. Superfolks imejaa utani wa Marekani ya miaka ya 70. Shujaa anaitwa David Brinkley, kinachomdhoofisha kinaitwa Cronkite. Hayo ni majina ya watangazaji wa habari waliokuwa maarufu kwenye televisheni zao enzi hizo. Usipowajua, utani unakupita. Mimi nilianza kucheka niliposoma mara ya pili.

Mbasha: Hapo umenena, dada. Ila Don Quixote wa nini hapa? Yule hapai angani.

Babu_Riwaya: Wanangu, huyo ndiye baba yao. Sehemu ya kwanza ilitoka 1605. Mzee wa karibu miaka 50, kichwa kimejaa hadithi za mashujaa, anatoa mavazi ya chuma ya mababu zake yenye kutu na kuyasugua. Kofia haina kinga ya uso, basi anaiunda kwa karatasi ngumu. Anaijaribu kwa upanga: pigo moja tu, kazi ya wiki nzima imeharibika. Anaitengeneza upya, anatia vyuma kwa ndani, na safari hii haijaribu tena. Anaamua tu kwamba ni imara! Nilicheka, halafu nikamkumbuka marehemu baba, kipa wa zamani, alivyokuwa akipaka njumu zake dawa kila Jumapili na hana mechi. Mwandishi akikuchekesha hivyo huku unampenda mzee wake, huyo ndiye wa kusoma.

Dada_Msomaji: Na hicho huhitaji kununua. Tafsiri ya Kiingereza ya John Ormsby iko bure Project Gutenberg, maktaba ya vitabu ya mtandaoni. Kiingereza chake cha zamani kidogo, nenda polepole.

Mpenda_Kurasa: Shikamoo Babu. Nimeshaipakua, naanza na hiyo kofia leo usiku. Hela naiweka kwa Superfolks. Dada, nikikwama kwenye hao watangazaji nitakusumbua.