Vipepeo wa njano na weusi kutoka mlimau mmoja: nimechanganya viwavi?

MlimauWaGede: Wadau, habari zenu. Mlimau wangu nyuma ya jiko ulikuwa na viwavi sita. Niliwatia kwenye ndoo, nikaifunika kwa kipande cha chandarua. Mmoja alikufa. Watatu wametoka vipepeo wa njano hafifu, wenye mikia. Wawili wametoka weusi wenye mabaka meupe, mkia hamna kabisa! Imekuwaje?

Kadzo_M: Hao weusi ni wale wa milimau wa kila siku. Umechanganya tu.

MfugaPupa: Hapana dada, yule wa kila siku madoa yake ni ya njano, na bawa la nyuma lina duara kama jicho.

Kaka, hao wako ni aina moja wote watano, kwa jina la kitaalamu Papilio dardanus. Wa njano ni madume, hao weusi ni wake zao. Mimi nafuga pupa (kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa kipepeo) za mradi wa Kipepeo, ule unaonunua pupa kwa wafugaji wa huku, na msimu wangu wa kwanza nilimgombeza kijana wangu bure kwamba amechanganya makopo. Hata wataalamu walibishana: Roland Trimen, mtaalamu wa wadudu, alipoandika mwaka 1869, akiwa Afrika Kusini, kwamba hao ni kipepeo wa aina moja, wapo waliomcheka.

Jike anaiga. Huku pwani wengi hufanana na Amauris niavius, kipepeo wa msituni mwenye sumu mwilini. Ndege akishamwonja mmoja hamgusi tena, na huyu wetu asiye na sumu anapita humo humo. Wapo majike wa rangi ya chungwa pia, wanaomwiga mwingine mwenye sumu. Dume haigi mtu. Na kule Madagaska jike anavaa njano na mikia kama mumewe.

Viwavi wako wadogo walikuwa kama mavi ya ndege, sivyo? Ukiwagusa wanachomoa pembe mbili laini zenye harufu kali?

MlimauWaGede: Hayo hayo! Mke wangu aliikataa ile ndoo jikoni. Sasa niwaachie?

MfugaPupa: Mabawa yakikauka, waachie asubuhi jua likitoka. Majike wataurudia mlimau huo huo kutaga, yai moja moja. Ndoo usiiweke chini lakini. Mwaka jana sisimizi walinimalizia pupa kumi na moja usiku mmoja.