Tumbo linamsokota kila asubuhi ya shule, nifanyeje?

Ua la Jioni (mleta uzi)
Habari wakuu. Mwanangu ana miaka 8. Kila asubuhi ya shule tumbo linamsokota, siku nyingine anatapika. Jumamosi na Jumapili mzima kabisa. Usiku ananiuliza "Mama, tutakuwa salama?" hata mara kumi, na zote najibu. Daktari kampima, hakuona kitu. Kuna dawa ya kumtuliza? Au nimhamishe shule? Naomba ushauri, matusi sitaki.

Chaki Nyeupe
Pole mama. Usikimbilie dawa. Je, tumbo likiuma huwa anabaki nyumbani? Maumivu ni ya kweli, hakudanganyi, hofu huvuruga utumbo. Ila ile nafuu ya kubaki inamfundisha kwamba shule ndiyo ilikuwa hatari, na kesho yake tumbo linaanza mapema zaidi. Arudi kwa daktari kama maumivu yanamwamsha usingizini, ana homa, anapungua uzito au ana damu kwenye choo. Kama hakuna hata kimoja, aende shule. Patana na mwalimu: akilalamika apumzike dakika 15, kisha arudi darasani. Usipigiwe simu ukamchukue.

Bwana Kelele
Watoto wa siku hizi mnawabeba kama mayai. Mtoto hadaiwi kodi, wasiwasi wa nini? Mpe kazi achoke, alale.

Pumzi Taratibu
Kelele, leo umepitiliza. Mama, mfundishe kupumua: mkono tumboni, avute kwa pua akihesabu 4, atoe kwa mdomo akihesabu 6, mara 5 hadi 10. Pia zima taarifa ya habari akiwepo. Mtoto mdogo akiona picha ileile ya maafa ikirudiwa, anaweza kudhani yametokea tena.

Ua la Jioni
Kupumua tumejaribu, ndiyo kwanza akazidi kulia.

Pumzi Taratibu
Mlijaribu akiwa tayari analia? Hapo ndipo wengi wanapokwama. Anafundishwa mchana akiwa ametulia, dakika 3, mara mbili kwa siku, mpaka azoee. Na asivute pumzi kubwa za harakaharaka. Zinaleta kizunguzungu na ganzi vidoleni, naye atadhani anakufa.

Chaki Nyeupe
Swali langu hujalijibu. Nyingine: nyumbani kuna nini? "Tutakuwa salama" si swali la mtoto anayeogopa hesabu.

Ua la Jioni
Sawa. Baba yake kazi imeisha. Mwisho wa mwezi tunaiachia nyumba, tunakwenda kukaa kwa ndugu. Mtoto hajui, nimemwambia baba yuko likizo. Nitamwambia siku lori likija, asiumie mapema. Na barua ya kumwambia mwalimu haji tena mpaka tuhame nimeshaiandika. Namlinda mwanangu, msinihukumu.

Sikio la Tatu
Habari umemficha, hofu anayo. Anasikia mnavyonong'ona, anamwona baba hatoki. Asichoambiwa anakijaza mwenyewe, na mara nyingi mtoto wa umri huo hudhani kosa ni lake. Mwambieni wiki hii, baba akiwepo, mchana na si wakati wa kulala. Yatosha haya: kazi ya baba imeisha, si kosa la mtu hapa ndani, tunahama tarehe fulani, tutakuwa pamoja sote. Kisha nyamaza, aulize. Tarehe iandikwe kwenye kalenda ukutani, afute siku moja moja.

Ua la Jioni
Nimeshaamua siku ya lori. Akijua sasa atalia wiki tatu.

Sikio la Tatu
Huenda akalia. Ila ukimshtukiza, atajua kwamba jambo kubwa huja bila onyo. Baada ya hapo kila ukikunja nguo atakuchunguza.

Kaa Chonjo
Wakuu, hii chai. Mwanzo tumbo na dawa, sasa kazi, nyumba, lori. Mtoto "kila asubuhi ya shule", huku barua inasema haji tena. Anatunga aone tutachangia mpaka wapi.

Bwana Kelele
Kama ni chai mimi nimeshakunywa kikombe cha pili, acheni iendelee.

Pumzi Taratibu
Hata ikiwa chai, kuna mzazi anasoma kimya. Mwaka 2020 Eli Lebowitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha utafiti uliolinganisha njia mbili: kuwafundisha wazazi peke yao, au kumpa mtoto mwenyewe tiba ya mazungumzo ya CBT. Ile ya wazazi haikuonekana duni. Wazazi hufundishwa kupunguza yale wanayofanya ili mtoto asikutane na hofu, huku wakimwambia: najua ni ngumu, na najua utaweza. Hayo majibu kumi ya usiku ni sehemu yake. Jibu mara moja, kikamilifu. Akirudia, "Nilikujibuje?" aseme mwenyewe. Wasiwasi uliobaki upewe dakika 15 zake jioni, mbali na saa ya kulala.

Ua la Jioni
Kaa Chonjo, barua nimeiandika, sijaituma. Ndiyo maana bado anakwenda. Sasa akiuliza baba atapata kazi lini?

Sikio la Tatu
"Sijui. Baba anatafuta. Nikijua nitakwambia." Usimpe tarehe, ikipita bure hataamini na ile ya kuhama.

Chaki Nyeupe
Barua usiitume. Shule ndicho kitu ambacho hakijabadilika bado, na anahitaji muda wa kuaga wenzake. Hofu hii ikipita wiki 4 ikiendelea kumkosesha usingizi, chakula au masomo, tafuta mtaalamu wa afya ya akili ya watoto. Akitamka kutaka kufa, ni siku hiyohiyo.

Ua la Jioni
Barua nimeifuta. Kumwambia wiki hii, bado nazungumza na baba yake.

Sikio la Tatu
Mkishamwambia, mpe begi moja alifunge mwenyewe, lisipande lori, akae nalo. Mkifika, kitanda chake kitandikwe kabla hamjafungua vyombo.