Mjadala: Kiangazi cha Ghuba, kazi mbaya kuliko zote si ya mjengo, ni ya pikipiki

Wakuu, habari zenu. Kila ikikaribia Juni vijana wanauliza swali lile lile: nimepata kazi Doha, Dubai au Muscat, ni ya nje, joto la kule nitaliweza? Na wanajibiwa vile vile: kimbia mjengo, chukua ulinzi, na kama una leseni chukua pikipiki ya kupeleka vyakula, huko ndiko kwenye hela. Mimi ushauri huo naupinga, na naomba tuujadili kwa uwazi, kwa sababu kuna watu wanauza shamba wamlipe wakala kwa kuufuata.

Ninachosema ni kwamba ukali wa jua peke yake hauwezi kukuambia kazi ipi ni mbaya. Muulize mfanyakazi: nani anaamua saa yako ya kupumzika, na ukipumzika unapoteza nini?

Kwanza joto lenyewe. Mitribah, Kuwait, Julai 2016 ilipimwa nyuzi 53.9. Namba hiyo inatisha, lakini jangwani hewa ni kavu, jasho linakauka na mwili unapata nafuu. Balaa kubwa liko pwani, kwenye unyevu, ambako jasho linachuruzika bila kukauka na mwili haupoi. Quriyat, mji wa pwani ya Oman, mwishoni mwa Juni 2018 ulipitisha saa 24 nzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku ukiwemo. Sisi wa Tanga na Mombasa tunalijua fukuto, ila si la namna hiyo.

Ndiyo maana saa ya ukutani haitoshi kumlinda mtu. Oman inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni mpaka Agosti. Falme za Kiarabu ni saa sita na nusu hadi saa tisa, kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba. Qatar tangu 2021 imekwenda mbali zaidi: marufuku ni saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, na juu yake kuna kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, upepo na mionzi ya jua. Kipimo hicho kikizidi 32.1, kazi isimame, iwe saa ngapi. (Hizo si nyuzi 32 za kawaida unazoona kwenye simu, ni hali nzito kuliko hiyo.) Mimi naona huo ndio utaratibu wa kuigwa, na Ghuba nzima ingepaswa kuufuata.

Sasa mjengo. Sisemi ni kazi nyepesi. Kufunga nondo zilizoshinda juani kunachoma mikono hata ukiwa na glavu, na mtandaza lami anasimama kando ya kitu chenye joto la nyuzi 150 hivi, jua likiwa kichwani. Lakini sheria za mchana ziliandikwa zikimlenga mtu huyu. Saiti iko sehemu moja, mkaguzi wa wizara anaweza kuifikia. Pana msimamizi, pana wenzako watakaokuona ukiyumba. Na mara nyingi unalipwa kwa mwezi, kwa hiyo kazi ikisimama saa sita na nusu mshahara wako haukatwi. Kampuni zinazovunja sheria hii zipo, tena nyingi, lakini angalau kuna sheria ya kuvunjwa na kuna mtu wa kushtakiwa.

Mwenye pikipiki ana nini? Chini yake injini, chini ya injini lami, kichwani kofia ngumu, na upepo unaompiga usoni ni wa moto. Analipwa kwa oda, na oda zinafurika saa za chakula cha mchana, yaani saa ambayo sheria inamtaka mjenzi awe kivulini. Dubai kumejengwa vibanda vyenye kiyoyozi kwa ajili yao, jambo jema kabisa. Ila mtu anayedaiwa marejesho ya pikipiki, na kila oda anayoikosa ni hela iliyopotea, atakaa humo dakika ngapi? Qatar na Kuwait zilipoamua kuzuia pikipiki hizi saa za mchana wakati wa kiangazi, chakula kiliendelea kufika kwa magari. Kwa hiyo hoja kwamba haiwezekani kuzizuia haina miguu.

Najua atatokea mtu aseme: ni mtu mzima, anataka hela, mwacheni. Nimjibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwapima vibarua wa mashambani kabla na baada ya zamu ya siku moja. Waliolipwa kwa kiasi walichovuna walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya figo kuumia kuliko waliolipwa kwa saa. El Salvador na Nicaragua, wakata miwa wenye umri mdogo, wasio na kisukari wala presha, wamekuwa wakifa kwa figo kwa miaka mingi, na wengi wao hulipwa kwa tani. Hakuna anayesimama na fimbo nyuma yao. Malipo yenyewe yanawasukuma wapite kiu na kizunguzungu. Kijana wetu akirudi nyumbani anahitaji kusafishwa damu kila wiki, ile hela ya oda itakaa muda gani?

Ulinzi nao usidanganye mtu. Nimeufanya, geti la nje. Kazi yenyewe ni kusimama tu, na ndiyo sababu hakuna anayekuhesabu kuwa mfanyakazi wa juani. Choo kiko mbali na huruhusiwi kuacha lindo, hivyo walinzi wengi hujizuia kunywa maji. Hapo ndipo hatari ilipo. Kabla hujasaini, uliza: lindo ni la ndani au la nje, na nani ananipokea nikienda chooni? Ukionekana msumbufu, sawa, onekana. Na dada wa kazi za nyumbani anayetumwa kuosha gari mchana tusimsahau. Wao wana sheria yao tofauti na mkaguzi hafiki uani kwa mwajiri.

Kazi nzuri za kiangazi zipo pia. Mashamba ya mitende ya Nizwa na Rustaq, huko huko Oman: watu huanza baada ya alfajiri, wako chini ya kivuli, maji ya falaji, mifereji ya jadi ya kumwagilia, yanapita miguuni, na jua likipanda wanaondoka mpaka alasiri. Ondoa kukwea mtende, ambako kuna hatari ya kuanguka, na siku za kuchemsha tende kwenye masufuria makubwa, maana hapo unaongezewa moto juu ya joto. Nzuri kuliko zote ni Salalah, Dhofar. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba ni msimu wa kharifu, manyunyu na ukungu, joto la nyuzi ishirini na kitu. Anayeuza madafu na ndizi kando ya barabara huko anafanya kazi nje nchini Oman ile ile ambayo Muscat inaungua.

Jambo moja ambalo mawakala hawalisemi: mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto, na vifo vingi vya joto kazini hutokea siku za mwanzo. Sisi tunatoka Nairobi au Arusha mwezi wa Julai, tumevaa masweta, kesho yake tunapangiwa zamu nzima. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri mgeni aanze na asilimia 20 ya kazi siku ya kwanza, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku. Ukiona mwenzako anaongea yasiyoeleweka au anayumba, mwagie maji baridi mara moja, mpepee, ita gari la wagonjwa, na kama hana fahamu usimnyweshe kitu.

Waendesha pikipiki mlioko huko, nawasubiri ninyi hasa. Mkataba wako unasema nini kuhusu saa za mchana? Ukizima programu ya oda kwenye simu saa saba mchana ukakaa kivulini, unapewa adhabu au unaachwa? Na wale wa mjengo mnaoona nawaonea wa pikipiki huruma iliyozidi, leteni hoja zenu.