Nyumba ya zamani Kisumu: vigae, mkeka wa mbao au niiache sakafu nyekundu?

Mjukuu_wa_Reli
Wadau hamjambo. Nataka kutengeneza sakafu ya nyumba ya marehemu baba hapa Kisumu kabla ya Desemba. Ni ya zamani na iko karibu na maji, kwa hiyo ichukulieni kama nyumba ya pwani. Nimepewa bei ya vigae, mkeka wa mbao (ule wa plastiki wenye sura ya mbao) na lamineti. Sebule ni mita 4 kwa 5. Mngechukua nini? Duka limeniwekea mzigo hadi Jumamosi tu.

Fundi_Kondele
Umetuambia siku ya duka, sakafu yenyewe ukaisahau. Sasa hivi chini kuna nini, saruji au mbao? Ina nyufa? Ukutani kwa chini kuna unga mweupe, ile dalili ya unyevu? Utaishi wewe au ni ya kupangisha? Usipojibu nitakuambia uongo kama wa duka.

Mama_wa_Pacha
Vigae. Huku Nakuru na vumbi letu napiga deki mara mbili kwa siku na maisha yanaendelea. Ila usinunue vile vinavyong'aa. Mama mkwe aliteleza navyo bafuni na mpaka leo nahesabiwa kosa hilo mimi.

Baba_Zawadi
Kaa mbali na mkeka wa mbao. Tulipanga nyumba upande wa Nyalenda, sakafu ya simenti tupu, tukaona tuifiche. Muuzaji alisema tandika tu, hata fundi huhitaji. Siku ya kwanza ilipendeza hadi mke wangu akaita majirani waje wavue viatu mlangoni. Mvua za masika zilipokolea ikaanza harufu, kama gunia la omena lililonyeshewa. Tukasema ni panya. Tukasogeza kochi, panya hakuna. Tukasema ni soksi za kijana wangu, akaapa mpaka akalia. Mwishowe nikainua kona ya mkeka nyuma ya kabati. Mgongo wake wote ulikuwa na madoa meusi, na nilipopangusa simenti kidole kilitoka kimelowa. Nikamrudia muuzaji, akaniambia tunapiga deki kwa maji mengi. Tulipohama, mwenye nyumba akakata deposit kwa sababu gundi iligoma kubanduka. Kwa hiyo mkeka niliulipia mara mbili.

Fundi_Kondele
Pole, lakini mkeka haukuleta maji. Maji yalikuwa yakipanda kutoka ardhini siku zote, yanakauka hewani bila nyinyi kujua. Ulipoziba ukayafungia. Siku hizi kabla ya kumwaga zege tunatandika karatasi ya polithini, geji 1000. Nyumba nyingi za zamani hazina.

Mjukuu, chukua karatasi ya nailoni yenye upana wa nusu mita, ibandike sakafuni kwa selotepu pande zote nne, iache siku mbili. Ukikuta matone chini yake au saruji imekuwa nyeusi, maji yanatoka ardhini. Matone yakiwa juu, hiyo ni hewa ya chumba. Fanya hivyo kila chumba, na kwenye kona pia.

Mvita_Ugenini
Samahani, Kisumu si pwani. Mimi nimezaliwa Mombasa, niko hapa kikazi. Kule nyumba za kale ni za matumbawe na chokaa, na ukuta wa chokaa huacha unyevu utoke. Watu wakipiga plasta ya simenti juu yake, unyevu hukosa njia, chumvi ikaibuka na plasta ikabanduka vipande vipande. Na sakafu za juu zimekaa kwenye boriti za mikoko. Ami yangu alitaka kuweka vigae chumba cha juu, kikubwa kama sebule yako. Fundi akamfanyia hesabu: simenti ya sentimita 5 kwenye mita 20 za mraba ni tani mbili, bado vigae. Ami akarudi kwenye busati lake.

Baba_Zawadi
Ziwa lina ufuko, lina bandari, lina samaki. Hiyo pwani inakosa nini?

Mvita_Ugenini
Chumvi, ndugu yangu. Misumari ya kwetu inaliwa na kutu ukiitazama. Maji ya Ziwa Victoria unapikia chai.

Omuga
Msibishane chumvi. Swali ni je, nyumba iko juu au huku chini Dunga? 2020 ziwa lilipita hata kiwango cha 1964 na watu wakahama na magodoro kichwani. Kama maji hufika, lamineti sahau. Ile ni unga wa mbao uliokandamizwa, ukinywa maji unavimba kama mandazi na haurudi.

Mjukuu_wa_Reli
Nisameheni, niko safarini. Nyumba iko Milimani, haijawahi kuingia maji. Sebuleni ni ile saruji nyekundu ya kupigwa nta, tulikuwa tunaisugua kwa matambara miguuni kila Jumamosi. Ina nyufa mbili, moja inaingia sarafu. Vyumba viwili vya kulala ni mbao, ukikanyaga vinalia. Unga mweupe upo, unafika gotini upande wa jikoni. Tutapangisha. Mimi na ndugu zangu wawili bado hatujakubaliana kuhusu bei ya sakafu.

Fundi_Kondele
Mbao! Siku tatu ndiyo unasema mbao? Chini ya mbao kuna nafasi ya hewa, angalia matundu ya ukutani nje kama yamezibwa na udongo au maua. Usimwage simenti hapo. Na upande wa jikoni angalia bomba kabla ya kulaumu ardhi.

Mama_wa_Pacha
Mimi nimekwama pale pa ndugu. Usinunue hata kigae kimoja kabla hawajaandika kwamba wamekubali. Nyumba ya urithi ukiitengeneza peke yako, siku ya kuuza utaambiwa hizo zilikuwa sadaka zako.

Omuga
Kweli kabisa. Shangazi yangu alibadilisha mabati yote...

Mvita_Ugenini
Mie ile nyekundu ningeiacha. Jaza nyufa, piga nta, imekaa miaka yote hiyo. Mpangaji akitaka urembo atandike wake.

Fundi_Kondele
Ufa unaoingia sarafu hujazi tu ukapiga nta. Kwanza ujue kama bado unapanuka. Weka alama ya penseli ncha zote mbili na tarehe. Kigae juu ya ufa unaotembea nacho kitapasuka palepale. Ukifikia vigae basi chukua porseleni, karibu hainywi maji, na nunua mita 22 za mraba, mbili ni za kukata.

Mjukuu_wa_Reli
Nimefungua nailoni leo. Sebuleni pakavu. Jikoni matone yamejaa chini yake, na bomba fundi anasema ni zima. Duka wamepiga simu mara mbili. Dada yangu anataka vigae kote, kaka hapokei simu.

Omuga
Zile mbao za vyumbani mkizitoa, msichome. Nipigie.