Kabati limejaa, ila nguo zangu ni zipi?

MamaDagaa: Habari zenu wapendwa. Nina miaka 34, nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Kabati langu limejaa magauni ya kubana niliyonunua soko la Mlango Mmoja kwa sababu yaliwapendeza mashoga zangu. Nikiyavaa najiona mgeni. Ninalolipenda kwa moyo wote ni gauni moja la pamba, bluu iliyopauka, shingo ya mraba, mifuko miwili mirefu inayomeza simu na daftari la madeni. Kwapani nimelitia kiraka mara mbili. Nianzie wapi?

Fundi_Nyakato: Dada, umeshaanza. Hilo gauni ndilo kipimo chako. Mpelekee fundi atoe patani, yaani kielelezo cha kukatia, bila kulifumua, akushonee mawili ya kitenge. Kitambaa kiloweke na kukianika kabla hakijakatwa. Pamba hurudi ikifuliwa mara ya kwanza, na nimeona wateja wakilia kwa hilo. Mwambie aache upindo mpana ndani. Mifuko usikubali afupishe!

Bibi wa Ukerewe: Mwanangu, yale ya kubana usiyauze yote kwa hasira. Jaribu moja moja mchana, mlango wazi, uiname kama unayeanua dagaa. Linalokukatalia kuinama, mpe mwingine.

MamaDagaa: Shikamoo bibi, asante. Nimeinama nayo yote jioni hii. Yamebaki matatu. Fundi, kitenge cha kijani kiko kwenye beseni tayari, maji yametoka rangi kidogo. Nibadilishe maji au nisubiri?

Fundi_Nyakato: Badilisha, kisha kianike kivulini.