Mtulinga umeunga lakini bega la kushoto limebaki mbele. Nifanyeje nikae sawa juu ya farasi?

Kwato_za_Meru
Habari za muda huu wakuu. Naomba msaada kwa yeyote anayepanda farasi, au anayejua mambo ya mifupa na misuli.

Mimi ni mwongoza wageni wa safari za farasi, upande wa Usa River chini ya Mlima Meru. Msimu wa mvua uliopita ngiri alichomoka shimoni mbele yetu, farasi akaruka pembeni, nikaangukia bega la kushoto. Mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, ukavunjika karibu na katikati. Hospitali wakasema hauhitaji upasuaji, nikatundika mkono shingoni mpaka mfupa ukaunga. Daktari ameona picha ya mwisho na ameniruhusu kupanda.

Tatizo ni kwamba bega limebaki juu kidogo na limeingia mbele. Nikitembea halionekani sana, ila nikishakaa kwenye tandiko linajionyesha. Mwenzangu alinirekodi video kwa nyuma: kiwiko cha kushoto kimetoka mbavuni, mkono wa kushoto uko juu kuliko wa kulia, na tandiko lenyewe limehamia kulia. Farasi wangu, jike mtulivu kabisa, siku hizi nikimkata kushoto anageuza shingo tu huku mwili unateleza kwenda kulia.

Nikiyavuta mabega nyuma kwa nguvu naweza kukaa hivyo kwa muda mfupi, halafu kiuno kinakakamaa na farasi akianza troti, ule mwendo wa mchakamchaka, ananirusha. Jioni nina maumivu kati ya shingo na bapa la bega.

Naomba kujua mazoezi ya kufanya, na kama ile mikanda ya mpira ya kunyoosha mgongo inasaidia. Kazi yangu ni kugeuka nyuma siku nzima kuangalia wageni, kwa hiyo siwezi kukaa tuli kama mtu wa mashindano.

Fizio_wa_Pwani
Pole sana mkuu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, farasi nimeanza kuwajua kupitia wagonjwa wangu.

Kabla ya yote: je, vidole vinakufa ganzi au kuwaka? Mkono unakuwa wa baridi au dhaifu kuliko mwingine? Unasikia mfupa ukicheza pale ulipovunjika? Unaumwa usiku hata ukiwa umepumzika? Kama kuna hata "ndiyo" moja, rudi hospitali upigwe picha tena kabla ya zoezi lolote. Kwa mtu mzima mtulinga huchukua kama wiki 6 hadi 12 kuunga, lakini kuunga hakumaanishi kwamba misuli imerudi kazini.

Mtulinga ndio mfupa pekee unaouunganisha mkono na mifupa ya kiwiliwili. Ni boriti inayoliweka bega mbali na kifua. Ukivunjika na kuunga ukiwa mfupi hata kidogo, bega linavutwa mbele na bapa la mgongoni linainama. Halafu zile wiki za kutundika mkono, misuli ya kifuani inajikunja, misuli ya juu ya shingo inajifunza kulibeba bega, na misuli miwili muhimu inalala: ile inayoliteremsha bapa kwenda chini, na ile ya ubavuni inayolishikilia bapa libane kwenye mbavu. Ndiyo maana "vuta mabega nyuma" haikusaidii. Unavuta kwa misuli isiyohusika, kifua kinatoka, kiuno kinapinda kwa ndani, na troti lazima ikurushe.

Fanya hivi nyumbani:

Simama ukiutazama ukuta, weka mikono kuanzia kiwiko hadi kiganja ukutani, vidole gumba vikikutazama. Usukume ukuta taratibu mpaka uhisi mgongo wa juu umejaa, kisha telezesha mikono kwenda juu bila kuacha kusukuma. Bega likianza kupanda kuelekea sikioni, ishia hapo. Hapo ndipo mpaka wako wa leo.

Chukua mpira wa ndani wa baiskeli, ukate utepe mrefu, ufunge kwenye nondo za dirisha usawa wa kitovu. Shika ncha mbili, gumba juu, na uvute viwiko vipite mbavuni. Tulia hapo kwa pumzi moja ndefu, kisha uachie polepole. Kuachia polepole ndiyo nusu ya kazi yenyewe, watu wengi wanaachia mpira ukawavuta.

Kunyoosha kifua: simama mlangoni, kiganja na kiwiko kwenye fremu, kiwiko kiwe chini ya usawa wa bega, usogeze mguu mmoja mbele. Usipandishe kiwiko juu ya bega kwa sasa, utaumiza sehemu ya mbele.

Mwisho, kunja kanga au taulo iwe mviringo, lalia chali ikiwa imekaa chini ya bapa za mabega, kwa kulala kinyume na uti wa mgongo. Magoti yamekunjwa. Pumua tu. Waongoza wageni na madereva wote wana mgongo wa juu uliokufa, na bega haliwezi kurudi mahali pake kama mgongo ulio chini yake haunyooki.

Kila siku kidogo ni bora kuliko Jumapili moja ya kujiua.

Jockey_wa_Zamani
Pole bro. Hapa Ngong Racecourse, uwanja wa mbio za farasi Nairobi, hiyo injuri ni ya kawaida sana, karibu kila mtu unayekutana naye kwa vyumba vya majoki (wapanda farasi wa mbio) amewahi kuvunja huo mfupa. Ukianguka mbele, bega ndilo linafika chini kwanza.

Mkanda wa mpira mimi nilivaa na ulinisaidia. Nunua tu, uvae ukiwa kazini.

Halafu usiige majoki. A. P. McCoy, joki wa Ireland Kaskazini, alivunja mifupa mingi na akawa bingwa wa Uingereza miaka 20 mfululizo mpaka akastaafu 2015, lakini joki anakaa juu ya vikuku (vile vya kukanyagia) vifupi na mgongo umelala mbele. Wewe unakaa saa nyingi kwenye tandiko. Ni kazi mbili tofauti.

Fizio_wa_Pwani
Kaka, kuhusu mkanda tukubaliane hivi: unamkumbusha mtu, haumjengi. Ukiuvaa siku nzima, misuli iliyolala inaendelea kulala kwa kuwa mpira unafanya kazi yake. Ukibana sana makwapani mkono unakufa ganzi, na mtu anayeshika hatamu hawezi kuruhusu hilo. Auvae muda mfupi akiwa chini, anaswaki farasi au anafagia banda, auvue akipanda.

Mwalimu_Karen
Nafundisha upandaji Nairobi. Kwato, nimesoma maelezo yako ya video mara mbili, na nadhani jambo la kwanza si bega. Tandiko limehamia kulia. Hilo linaniambia mbavu za upande mmoja zimekunjwa na nyonga imesukumwa upande wa pili. Mtu akiumia bega la kushoto, mwili unalikunjia upande huo kulilinda: mbavu za kushoto zinafupika, nyonga inateleza kulia, uzito wote unakwenda kwenye kikuku cha kulia. Ukirekebisha bega peke yake, litarudi pale pale.

Anza na haya. Farasi akiwa amesimama, toa miguu kwenye vikuku, weka viganja chini ya makalio na utafute ile mifupa miwili ya kukalia. Je, inakandamiza viganja sawasawa? Nina hakika wa kulia unakandamiza zaidi. Sogea mpaka ilingane. Utajisikia umepinda kwenda kushoto, na mwenzako aliye nyuma atakwambia ndiyo kwanza umenyooka. Amini macho yake, usiamini hisia zako. Kisha pima kanda za vikuku kwa mkanda wa kupimia, kwa sababu ngozi ya kushoto hurefuka tukipandia upande huo kila siku.

Baada ya hapo omba mtu akuzungushe kwa kamba ndefu kwenye duara, hatamu zikiwa zimefungwa shingoni mwa farasi. Kule Vienna, kwenye shule ya farasi weupe wa Lipizzaner, wanafunzi wapya hukaa kwenye kamba bila hatamu wala vikuku muda mrefu sana kabla ya kuachiwa farasi wenyewe. Ukiwa kwenye kamba, mkono mmoja ushike tandiko mbele, mwingine uning'inie mzito kabisa pembeni ya paja. Acha uzito wa mkono wenyewe uliteremshe bega. Badilisha. Ukitoa pumzi ndefu kwenye troti, utahisi bapa la bega linashuka lenyewe.

Ukirudishiwa hatamu, zifunge tepu ya rangi mahali pamoja pande zote mbili, ili uone mara moja mkono gani umevuta zaidi. Halafu laza fimbo fupi juu ya ngumi zote mbili, uibane kwa vidole gumba. Fimbo ikiinama, mkono wa kushoto umepanda tena. Lakini usikubali ule mtindo wa kupitisha fimbo mgongoni kwenye viwiko. Ukianguka nayo hivyo huna mkono wa kujikinga.

Na usikate tamaa juu ya mwili uliobadilika. Lis Hartel wa Denmark alipooza kwa polio mwaka 1944, miguu chini ya magoti haikurudi. Mwaka 1952 kwenye Olimpiki ya Helsinki alichukua medali ya fedha ya dressage, yaani shindano la kumwongoza farasi kwa hatua za ufundi, akiwa anasaidiwa kupanda na kushuka, na akairudia 1956. Bega lako huenda lisilingane na lingine maisha yako yote, na bado ukakaa vizuri.

Bi_Maskati
Assalaam aleikum mwanangu, na pole kwa msiba wa bega. Sisi huku Omani farasi ni mambo ya nyumbani, wajukuu zangu wanapanda.

Nataka kukuuliza jambo ambalo wataalamu hawajakuuliza. Bado unaogopa? Mtu aliyeanguka mwili wake hujikunja wenyewe, kifua huingia ndani na mabega hupanda, na farasi akitikisa sikio tu mtu keshashika hatamu kwa nguvu. Mwanangu wa pili alikuwa hivyo baada ya kuanguka. Mazoezi yote alifanya, chini alikuwa mzima, akipanda anakunjika. Kilichomtoa ni kurudi kwa farasi mzee asiyeshtuka, mwendo wa hatua tu, huku anazungumza kwa sauti. Mtu hawezi kuzungumza na kuzuia pumzi kwa pamoja. Usione haya, khofu baada ya ajali ni akili timamu.

Kwato_za_Meru
Shikamoo Bi. Ndiyo, kila nikiona shimo la ngiri najikuta nimekaza. Sikuwa nimeunganisha na bega.

Mwalimu, nimejaribu kukaa juu ya viganja. Wa kulia uliumia, wa kushoto sikuuhisi kabisa. Ganzi na kuwaka sina, Fizio. Sasa nisaidieni hapo kwenye kazi: kugeuka nyuma, na kupanda na kushuka mara nyingi kwa siku kurekebisha tandiko za wageni.

Saisi_Mkongwe
Hapo mimi. Nimetunza farasi Gilgil na Nanyuki, za polo na za safari.

Kupanda kutoka chini ukiwa umeshika manyoya ya shingo kwa mkono wa kushoto, hilo bega ndilo linalobeba mwili wako wote. Acha kwa sasa. Tumia jiwe, gogo au kichuguu, na mfundishe farasi kupandiwa kutoka kulia pia. Akishazoea, na mgongo wake utashukuru. Kunyanyua tandiko mpaka mgongoni mwa farasi, mwachie mwenzako.

Kugeuka nyuma: bila shaka unageukia upande mmoja, kulia, kwa sababu kushoto kunauma. Ukifanya hivyo mamia ya mara lazima ukae pinda. Badala ya kujisokota, msimamishe farasi, mgeuze mzima akae kimshazari, uwaangalie wageni wote usoni, kisha uendelee. Mara hii kulia, mara ijayo kushoto. Wageni wanapenda pia, wanaona mwongozaji anawajali.

Ukishika hatamu kwa mkono mmoja badilisha mikono kila mnapofika kwenye geti au korongo. Na ile begi ya maji na redio unayoitundika bega moja, ihamishie kwenye mifuko ya tandiko, pande zote uzito sawa. Kofia uliyoanguka nayo kama iligonga chini usiivae tena, hata kama haina ufa.

Jockey_wa_Zamani
Swali kwa Fizio. Zile fulana za kinga zingemzuia kuvunjika?

Fizio_wa_Pwani
Nyingi zinakinga mbavu na viungo vya ndani, mtulinga unabaki wazi. Zenye vipande vya mabegani zinasaidia kiasi kwa pigo la moja kwa moja. Avae, ila asizitegemee kwa mfupa huo. Kwato, usiku usilalie bega hilo. Lala upande wa kulia na uukumbatie mto, mkono usidondoke mbele ya kifua.

Kwato_za_Meru
Nashukuru wote. Bosi amekubali nipande asubuhi tu kwa sasa, na mwenzangu atanizungusha kwenye kamba kabla wageni hawajafika. Je, huyu jike wangu niendelee naye, au nibadilishe farasi?

Mwalimu_Karen
Badilisha kwa kipindi hiki. Amekubeba umepinda kwa muda, misuli ya mgongo wake imefuata. Pitisha kiganja pande mbili za uti wake nyuma ya tandiko, utaona upande mmoja umejaa kuliko mwingine, na pengine atakunja mgongo ukikandamiza. Mwache apandwe na mtu aliyenyooka, afanye mizunguko mipana pande zote mbili na kupanda vilima kwa hatua. Wewe chukua farasi mwingine mtulivu. Video ya nyuma irekodiwe mara kwa mara, mahali pale pale, simu ikiwa usawa wa tandiko. Ukiona mshono wa katikati wa tandiko umelingana na uti wa farasi kwenye troti pande zote mbili, mrudie jike wako.